Kovu la Guka

Picha ya kwanza ya ndege niliyowahi kupiga inafanana na nzi aliyetua kwenye shuka jeupe. Ukiikuza sana unaona ni ndege ya mizigo, ina injini nne, inashuka JKIA. Niliipiga nikiwa juu ya paa la ploti tunayoishi Pipeline, katikati ya kamba za nguo, na kamera ya mtumba niliyonunua kwa pesa ambayo ingekuwa karo ya muhula uliofuata. Huo muhula sikuufika. Hiyo ni stori nyingine, na mamangu bado hajaimaliza kuisimulia.

Nilikuwa nimeanza kazi kwenye saiba: picha za pasipoti, vyeti, programu za mazishi. Jioni napanda juu kupiga ndege, usiku nazirekebisha. Halafu nikazituma kwa tovuti moja ya picha za ndege ambapo kuna watu wanakagua kila picha kabla haijawekwa. Walinikataa mara kumi na moja mfululizo. Sababu zilikuja kwa maneno mawili matatu: imelala upande, vumbi, giza, imenolewa kupita kiasi.

Kila moja ilikuwa kweli, na kila moja ilinifunza kitu. Kamera ikiona anga kubwa jeupe inadhani kuna mwanga mwingi, inaupunguza, na ndege inageuka kivuli. Kwa hivyo unaongeza mwanga kidogo wakati wa kupiga, usingoje kompyuta ikuokoe, maana ukivuta giza sana baadaye chembechembe zinajaa kama mchanga kwenye ugali. Ndege ya propela usiipige kwa kasi ya 1/2000, mapanga yatasimama tuli na ndege itaonekana kama imezima injini angani. Shuka hadi 1/250 ama chini, na ujifunze kuifuata kwa mkono. Kunoa ni mwisho kabisa, baada ya kupunguza ukubwa wa picha, na kidogo tu. Ukiona mstari mweupe umezunguka bawa kama malaika, umezidisha. Na lile joto la mchana linalopanda kutoka kwa lami na kuikunja ndege kama karatasi ya plastiki motoni, hakuna programu ya kuliponya. Amka mapema.

Vumbi ndilo lilinifikirisha zaidi. Alama ndogo za kijivu angani zinatoka kwa uchafu ulioganda kwenye sensa, na njia ya kuzipata ni kuongeza utofauti wa mwanga mpaka picha ichukize, zijitokeze, kisha unazifuta moja moja. Hiyo inaruhusiwa. Lakini kwenye picha yangu ya kumi nilikuwa nimefuta pia waya wa stima uliopita chini ya magurudumu. Hiyo walikataa kwa ukali kuliko zote. Nilikasirika siku mbili. Waya mchafu, wa kuunganishwa na majirani, unaharibu picha nzuri! Baadaye ndio nikaelewa. Vumbi lilikuwa kwenye kamera. Waya ulikuwa Embakasi.

Kuna picha ya ndege inayojulikana kuliko zote duniani, na ilipigwa na mtu asiyejua kupiga picha. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills, North Carolina, Orville Wright alisimamisha kamera yake kwenye miguu mitatu, akaielekeza mahali alipodhani chombo chao kingeinuka, kisha akamwachia John T. Daniels ile mpira ya kubonyeza. Daniels alikuwa mwokoaji wa kituo cha pwani. Ndege ilikaa hewani sekunde 12 na kwenda kama mita 36. Daniels alibonyeza, ila kwa ule mshtuko hakuwa na uhakika kama alibonyeza kweli. Walijua tu waliporudi nyumbani Dayton na kuisafisha ile bamba ya kioo. Mwaka wa 1913 mafuriko yaliingia Dayton na bamba hiyo ikalowa. Kona yake moja imevunjika. Mpaka leo Maktaba ya Bunge la Marekani inaionyesha hivyo hivyo na kona yake iliyokatika. Mbele kuna kibenchi, kuna kisanduku, mchanga umejaa nyayo. Mimi ningefuta zote dakika tano. Lakini nyayo hizo ni za watu waliokuwa wakizunguka pale asubuhi ile kwenye baridi, na hakuna aliyewaambia watengeneze mandhari.

Haya, sasa Guka.

Alifariki 2021, akiwa na miaka 89. Tata alikuja saiba na picha nyeusi na nyeupe ya ukubwa wa kiganja. Ilipigwa 1976 huko Embakasi, kwenye ile roshani ya kuagia wasafiri ambayo wazee wetu wote wanaiita waving base. Familia ilikuwa imeenda kumsindikiza mtoto wa jirani aliyepata nafasi ya kusoma India. Mpiga picha ni mamangu, miaka tisa, kwa kamera ya kuazima. Na ni picha ya mwanagenzi kwelikweli: imelala upande, watu ni vivuli vyeusi kwa sababu nyuma yao kunang'aa, na ndege imekatwa pua. Inabaki mkia mrefu na injini mbili mbili ubavuni kwa nyuma, yaani Super VC10, na herufi za mwisho za jina la East African Airways, lile shirika la nchi tatu lililovunjika mwaka uliofuata.

Wote kwenye roshani wanaangalia ndege. Guka peke yake ameshika reli na ameinamisha kichwa, anaangalia chini.

"Anakaa kama mtu ameibiwa," Tata akasema. "Si umweke uso mzuri? Ile picha ya harusi yangu alikuwa anacheka. Watu wamkumbuke akiwa na furaha, mwanangu."

Nilijaribu kwanza njia ya mkato, programu ya akili mnemba ya kuboresha picha za zamani. Ikampa Guka meno ambayo hakuwahi kuwa nayo, na herufi za ndege ikazigeuza kuwa maandishi ya lugha isiyokuwepo. Nikaifunga. Nikafanya kwa mkono, saa nne nzima. Nilikata kichwa cha 1994 nikakipandikiza kwenye mabega ya 1976. Jua la harusi lilitoka upande mwingine, kwa hivyo nikaugeuza uso kama kwenye kioo ndio vivuli vikubaliane. Nikaongeza chembechembe zifanane. Nikanyoosha picha. Guka akainua uso, akacheka na ndege. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na tulichapisha nakala 200.

Na nilijua ile sheria ya waya. Nilijiambia tu kwamba huku si kwenye tovuti, huku ni mazishi, na Guka alikuwa mtu wa kucheka.

Frank Hurley alijiambia kitu kama hicho. Alikuwa mpiga picha rasmi wa jeshi la Australia kwenye vita vya kwanza vya dunia, na mwaka wa 1917 huko Ubelgiji alilalamika kwamba vita havitoshei kwenye negatifu moja. Ukipata askari wakitoka handakini, hupati bomu. Ukipata bomu, ndege haipo. Basi akaziunganisha: askari wa picha hii, moshi wa ile, ndege za picha nyingine juu yao. Charles Bean, mwandishi rasmi wa vita hivyo, aliziita bandia, na Hurley akatishia kujiuzulu. Mwaka wa 1918 picha hizo zilionyeshwa kwenye ukumbi wa Grafton Galleries, London, kwa ukubwa wa ukuta, na watu walijaa. Namwelewa Hurley. Alikuwa amelala kwenye matope yale, alikuwa ameona kila kitu alichokibandika. Bado namuunga mkono Bean. Ndege zile zilipita kweli, lakini hazikupita pale, wakati ule, juu ya wale vijana.

Wesley Archer hata simwelewi, namhusudu tu. Mwaka wa 1933 kilitoka kitabu kilichoitwa Death in the Air, kumbukumbu za rubani wa vita hivyo hivyo, na picha za ajabu: ndege zikigongana angani, mtu akianguka kutoka kwenye ndege inayowaka. Zilisambaa kila mahali. Ilichukua mpaka 1984 ndipo watu wa makumbusho ya anga ya Smithsonian, wakipitia makaratasi ya Archer, wakapata ushahidi kwamba zote zilikuwa ndege za mfano alizotengeneza mwenyewe. Miaka hamsini! Siku hizi hupati hata hamsini za dakika. Agosti 2006, Adnan Hajj, mpiga picha aliyeuzia Reuters, alitoa picha ya ndege ya kivita ya Israeli juu ya Lebanon ikidondosha mwako wa kujikinga. Mwako ulikuwa mmoja, akaunakili ukawa mitatu, na maelezo yakasema ni makombora. Reuters waliondoa picha zake zote 920 kwenye hifadhi yao. Mia tisa na kumi na tisa zilizobaki, hata zile za kweli, zikaenda nazo.

Yangu haikumaliza asubuhi moja.

Cucu alipewa programu pale kwenye hema, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu. Tata alikuwa anangoja asifiwe. Cucu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ni nani mmemvisha koti la mzee wangu?"

Guka alikuwa na kovu kwenye shavu la kushoto. Nilipougeuza uso, kovu lilihamia kulia. Watu 200 walikuwa na programu mkononi na hakuna aliyeona. Mtu mmoja alikuwa ameliangalia lile shavu miaka sitini.

Wiki mbili baadaye nilienda kumwomba msamaha Murang'a na akaniambia kovu lilitoka wapi. Lilitoka Embakasi.

Nilikuwa najua Guka "aliwekwa ndani wakati wa Emergency", kama vile kila mjukuu wa Murang'a anavyojua. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Aprili 1954 Waingereza walizingira Nairobi kwa ile operesheni waliyoiita Anvil na kuzoa maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Guka alikuwa na miaka 22, anamsaidia fundi wa viatu Pumwani. Alipitishwa kambi baada ya kambi, kisha akapelekwa kuchimba uwanja wa ndege. Kwa sababu uwanja wa Embakasi, ule gavana Evelyn Baring aliufungua 1958, ulijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya watu waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau. Mimi nimeishi mita chache kutoka hapo maisha yangu yote, nimepiga mamia ya picha za magurudumu yakigusa ile barabara, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliisawazisha. Kovu ni la askari aliyempiga na mpini wa koleo. Kuna mwenzake aliyeanguka pale kazini na hakuinuka. Wengine waliamriwa waendelee.

"Mzee hakuwahi kuangalia juu pale," Cucu akasema. "Wewe ulimwinua kichwa cha nini?"

Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa kwenye kambi zile. Guka hakuwa kati yao. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha alikuwa wapi kuanzia 1954 hadi alipoachiliwa. Sisemi kwamba picha ya mtoto wa miaka tisa ingemsaidia mbele ya wakili. Lakini ndiyo picha pekee tuliyo nayo inayomweka Guka na uwanja ule pamoja, na mimi nilikuwa nimetoa kitu pekee ambacho picha hiyo ilisema.

Cucu alikuwa na ile ya asili kwenye Biblia yake. Nimeiskani upya, kwa uangalifu. Nimetoa vumbi la kioo cha skana na unywele mmoja. Mkunjo wa kona nimeuacha. Nimeongeza mwanga kwenye vivuli polepole, nikiangalia usizidi, na kwenye giza la upande wa uso wake ulioinama umetokea mstari mwembamba, shavu la kushoto, kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo.

Ukiipima, picha imelala digrii nne. Nilimuuliza Mama ni kwa nini. Alisema alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda ndio awafikie kwa kimo, na kreti ilikuwa inayumba, na babake alikuwa ameahidi kumshika lakini akasahau. Nimeiacha imelala.