Siklidi wa Tanganyika: ugomvi na ugonjwa ndani ya kioo

Ndugu na dada, wale tulitoka pamoja fakilte na wale wangali auditwari, leo sileti habari ya mahindi. Naleta historia ya samaki wadogo, wa kutazama, si wa kula. Najua kuna mtu atauliza: agronomu na samaki ya saloni, wapi na wapi? Ngoja kidogo.

Mwaka jana lisansi ilikuwa mkononi, kazi hakuna. Patro mmoja hapa Lukafu akanipa kibarua cha kuangalia akwariumu yake: litri 300, na Tropheus 6 walioletwa kutoka upande wa Moba. Aliwalipia pesa kupita bei ya mbuzi. Wiki ya kwanza mmoja wao akajifanya chifu. Alifukuza wengine asubuhi mpaka jioni. Ndani ya wiki tano nikatoa maiti nne, na zote zilianza namna moja: samaki anajificha juu kwenye kona karibu na pompi, anakataa chakula, anatoa choo cheupe kama uzi, tumbo linavimba, siku mbili tatu amekufa. Nilinunua Flagyl ku farmasi, nikasaga, nikatia ndani ya maji. Wa nne akakufa vilevile. Patro akaniuliza: "Mutoto yangu, ulisomaka nini kule?"

Swali lile liliniuma. Chuoni tulisoma tilapia, na tilapia ni siklidi pia, ndugu wa hawa. Katanga ina historia yake katika jambo hilo: kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, kilikuwa kati ya vile vya kwanza kufanya utafiti wa kufuga tilapia katika Afrika, na mwaka 1949 Wabelgiji na Waingereza walikutana Elisabethville kwa mkutano juu ya kufuga samaki. Lakini pale shida ilikuwa moja: tilapia wanazaa kupita kiasi, kiziwa kinajaa wadogo wadogo. Juu ya samaki anayeua wenzake mmoja mmoja, kaye zangu hazikuwa na kitu. Njo nikaanza kutafuta.

Wa kwanza kuandika jina la Tropheus moorii ni George Boulenger, mtaalamu wa jumba la makumbusho la London, mwaka 1898. Samaki walikusanywa na Mwingereza J. E. S. Moore kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Zambia. Boulenger aliwaona ndani ya alkoholi. Samaki wa chupa hagombani na mtu. Kisha wakaja Wabelgiji: Max Poll alikuwa ndani ya misheni ya 1946-1947 iliyozunguka ziwa, na mwaka 1956 akatoa kitabu kikubwa juu ya siklidi wa Tanganyika, meno, mapezi, magamba, yote yamehesabiwa. Kule Uvira, taasisi ya utafiti ya wakoloni, IRSAC, ilikuwa na kituo, na hapo Georges Marlier alianza kuangalia samaki pale wanapoishi, kwenye majiwe ya ufuoni. Yeye njo alimpa jina Tropheus duboisi, mwaka 1959.

Hapo biashara ikaingia. Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa Kongo tangu enzi za Léopoldville, alihamia Bujumbura na kuanzia 1971 akawa anatuma siklidi wa Tanganyika Ulaya na Marekani kwa ndege. Alizama majini na familia yake, akaandika vitabu viwili vinene, cha 1978 na cha 1989. Majina ya vijiji vyetu yakawa majina ya bei: Moba, Kapampa, Moliro. Mtu wa Ujerumani anaweza kukutajia Moliro na hajui iko nchi gani. (Mpaka 2015 ule ufuo ulikuwa wa Katanga yetu, sasa ni jimbo la Tanganyika.)

Wale wanunuzi wa Ulaya walipata shida ileile yangu. Walinunua wawili, wanne, sita, kwa sababu samaki ni ghali. Wakawalisha moyo wa ng'ombe uliosagwa, chakula kilichozoeleka kwa samaki wengine. Wakaona samaki wanavimba tumbo na kufa. Wengi walisema ni mdudu wa matumbo, na kweli vijidudu vyenye mikia vinaonekana kwa mikroskopu. Wengine wakasema chakula. Tropheus ana utumbo mrefu, kazi yake ni kukwangua majani madogo yanayoota juu ya majiwe, nyama nyingi inamharibu. Wachache wakasema: hapana, tazameni kwanza nani anafukuzwa.

Juu ya kufukuzana, mtu aliyeandika kwa sauti kubwa ni Konrad Lorenz wa Austria, yule aliyepata Nobel 1973. Katika kitabu chake cha 1963 juu ya ukali wa wanyama anaeleza siklidi ndani ya akwariumu: dume na jike wakikaa peke yao bila jirani, hasira ya dume haina pa kwenda, inamwangukia jike, mara nyingi mpaka anamuua. Ukimwekea jirani nyuma ya kioo, anagombana na jirani na nyumbani kunakuwa amani. Anasimulia pia kwamba kioo cha katikati kilipofunikwa na majani ya maji, hata jirani haonekani, dume alianza tena kumsumbua jike wake. Mimi sikubali yote Lorenz aliyoyasema juu ya watu, lakini kwa samaki aliona vizuri.

Jibu lililonifaa zaidi lilitoka kwa samaki mwingine wa ziwa letu, Astatotilapia burtoni. Russell Fernald alimchunguza kwanza ziwani kwenyewe, akachapisha 1977, kisha akaendelea Marekani. Dume mwenye parseli ana rangi kali. Akinyang'anywa, rangi inapotea ndani ya dakika chache. Baada ya siku na wiki, sehemu ya ubongo inayoongoza uzazi inapungua na korodani zinanywea. Na mwaka 1997 Fernald na wenzake walionyesha kwamba, kundi likishatulia, wale walioshindwa wana kortizoli nyingi damuni kupita wenye parseli. Sisi agronomu tunajua maana yake. Mnyama mwenye kortizoli juu kila siku, kinga yake inashuka. Vijidudu alivyokuwa navyo siku zote bila shida, sasa vinamshinda.

Kwa hiyo Flagyl yangu haikuwa uongo. Ilikuja nyuma tu. Nilikuwa natibu tumbo, na mwenye kuleta ugonjwa anaogelea pembeni, mnene, anang'aa. Ziwani mshindwa anakimbia mita chache, mambo yanaisha. Kwa akwariumu anakimbia sentimita 80 na anakutana na kioo. Tena kura ikikatika, pompi inasimama, ammonia inapanda, na katika maji ya alkali kama ya Tanganyika ammonia ina sumu zaidi. Anayepigwa njo anaumia wa kwanza.

Mtu aliyenishangaza ni papa sentineli wa parseli ile. Alizaliwa Moba. Siku moja ananiona natia chakula cha nyama, akasema: "Ile samaki inakulaka majani ya ku majiwe. Haikulake nyama. Na haitembeake mbili mbili, inatembeaka mingi." Miaka ya utafiti ya Uvira, Bujumbura na Marekani, na mzee anakaa getini na jibu! Sikumuuliza hata mara moja.

Nilimwomba patro tusinunue dawa tena, tununue samaki. Alinitazama kama mwizi. Lakini alikubali, 12 wapya wakaja, jumla 14. Nilitoa wale wawili wa zamani kwanza, nikahamisha majiwe yote ili chifu asikute parseli yake, kisha nikawaingiza wote pamoja siku moja. Chakula: cha majani, kidogo kidogo. Kura ikikatika, betri ya gari inaendesha pompi ya hewa.

Sasa ni miezi minane. Amekufa mmoja, wa wiki ya kwanza. Wanafukuzana bado, kila saa, lakini yule anayefukuza akimaliza nusu mita anapotewa na aliyekuwa anamfuata, maana amechanganyika na wengine. Chifu wa zamani yupo, sasa ni kama wa tatu au wa nne, na mwezi uliopita nilikuta jike ana kidevu kimejaa mayai. Papa sentineli alimwona kabla yangu.