Daktari anayefungua kliniki Kinyamaseke: atoze vipi, na aandike nini?

Barabara itokayo mji wa Kasese kuelekea mpaka wa Mpondwe, magharibi mwa Uganda, hupita Kinyamaseke. Daktari anayeacha mshahara ili afungue kliniki yake katika kituo hicho cha biashara hatakosa wagonjwa. Kupata malipo ni jambo jingine.

Hospitali ya Bwera, iliyo karibu na mpaka, ni ya serikali, na tangu Machi 2001, Uganda ilipofuta ada katika vituo vya umma, matibabu ya kawaida huko hayalipiwi. Kagando, iliyo chini ya Kanisa la Uganda, hutoza ada bila kutafuta faida. Mgonjwa aingiaye kliniki binafsi amekwisha kulinganisha: analipia muda wake, dawa zilizopo na daktari anayepatikana usiku. Asipoambiwa bei mapema, hujiona ameibiwa hata kama bei ni ya haki. Kwa sababu hiyo ankara hutenganisha ada ya kumwona daktari, vipimo, dawa na kazi nyingine kama kushona jeraha, na jumla hutajwa kabla damu haijatolewa. Kwa wanaovuka kutoka Kongo, ambako dola hutumika madukani, ni vyema kiwango cha kubadilisha fedha kibandikwe ukutani.

Kuhusu bima, Uganda bado haina mfuko wa taifa wa afya kama walio nao Kenya. Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021, lakini rais hakuutia saini. Zilizopo ni bima za kampuni binafsi, ambazo hasa huhudumia waajiriwa. Kila kampuni ina mkataba wake, bei zake, na sharti la idhini kabla ya matibabu ya gharama kubwa. Namba ya uanachama ikikosewa, au kipimo kisipolingana na ugonjwa ulioandikwa, madai hurudishwa, na muuzaji wa dawa za jumla hasubiri. Kampuni moja au mbili zatosha kwa kuanzia.

Kazi ngumu zaidi iko katika daftari la madeni. Wengi wa wateja ni wakulima wa pamba, mahindi na kahawa, na fedha zao huja wakati wa mavuno, ilhali malaria haina msimu mmoja. Kukataa kukopesha kabisa ni kufukuza kijiji. Kukopesha bila kikomo ni kufunga kliniki. Hospitali ya Kisiizi, kusini-magharibi mwa nchi, ilipata njia mwaka 1996: ilijenga bima ya jamii juu ya vikundi vya engozi, vilivyoundwa na wanakijiji ili kubebeana wagonjwa kwa machela. Kaya hulipa zikiwa na afya. Kliniki ya daktari mmoja haiwezi kubeba mpango wa ukubwa huo, ila yaweza kukubaliana na kikundi cha akiba kiwe mdhamini wa wanachama wake.

Kumzuia mgonjwa hadi alipe si njia. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka mwaka 2015 kuwa kitendo hicho kinakiuka katiba. Wala majina ya wadaiwa yasitundikwe mlangoni: sheria ya Uganda ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi, na deni la kliniki hufichua ugonjwa.

Mwisho ni kodi, na hapa wengi hushangaa. Huduma za matibabu zimesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, hivyo haiongezwi kwenye ankara. Lakini ule utaratibu mwepesi wa kukadiria kodi kwa biashara zenye mauzo yasiyofikia shilingi milioni 150 kwa mwaka hauwahusu madaktari; sheria inawatoa pamoja na mawakili na wahandisi. Muuza duka jirani aweza kukadiriwa kwa mauzo yake, ilhali daktari hutozwa kwa faida, na gharama asiyoweza kuithibitisha kwa risiti huhesabiwa kuwa mapato yake. Dawa zilizonunuliwa Kasese, kodi ya pango na mafuta ya jenereta, vyote vinahitaji karatasi tangu siku ya kwanza.