Panya wa Bramble Cay na jina lililochelewa miaka 79

Mwaka 2024 ilitimia karne moja tangu Oldfield Thomas, bingwa wa mamalia katika makumbusho ya London, alipompa panya wa kisiwa cha Bramble Cay jina la kisayansi Melomys rubicola. Mwenye jina hayupo tena, kwani Februari 2019 serikali ya Australia ilimweka rasmi kwenye orodha ya spishi zilizotoweka. Kisiwa chenyewe ni fungu la mchanga na matumbawe la hekta nne hivi, kaskazini mwa mlango-bahari wa Torres. Mwaka 1845 panya hao walikuwa wengi kiasi kwamba mabaharia wa meli ya Bramble waliwawinda kwa pinde na mishale ili kujiburudisha. Kielelezo kilichokusanywa mwaka huo kilisubiri miaka 79 mpaka Thomas alipokichambua na kukitenga kuwa spishi. Mkia wa panya wa jenasi ya Melomys una magamba yaliyokaa ubavu kwa ubavu bila kupandana, kama vigae sakafuni.

Wapo wanaosema kilio kimezidi: vinasaba vinaonyesha undugu wa karibu na Melomys capensis wa rasi ya Cape York, na huenda panya huyohuyo anaishi Papua Guinea Mpya, kwa kuwa mdomo wa mto Fly uko kilomita 50 tu kutoka kisiwani. Hoja hiyo haipuuziki, maana uainishaji ni dai linalopimwa upya kila ushahidi unapoongezeka. Lakini undugu wa karibu si utambulisho mmoja, na dhana ya Papua, tena iliyotajwa kwa miaka mingi, ilipaswa kuharakisha msako wa huko. Badala yake, mpango wa 2008 wa kuwaokoa panya hao ulikadiria kwamba kupanda kwa bahari na dhoruba havingeleta athari kubwa katika kipindi chake. Panya wa mwisho alionekana 2009. Kufikia Machi 2014 maji ya chumvi yalikuwa yameangamiza mimea, chakula na maficho yao, kutoka zaidi ya hekta mbili mwaka 2004 hadi hekta 0.065, na mitego ya mwaka huo haikunasa hata mmoja. Anayeamini kwamba panya huyu yungali hai ng'ambo ya pili aanzie kwenye delta ya mto Fly, na mitego mkononi.