Hukumu ya Wahakiki juu ya Filamu ya Roxanne Roxanne

Mnamo mwaka 1984, binti wa miaka 14, Lolita Shanté Gooden, mkazi wa majumba ya Queensbridge mjini New York, aliujibu wimbo wa kundi la UTFO uliomdhihaki mwanamke Roxanne kwa kukataa kutongozwa. Jawabu lake, alilolitoa pamoja na Marley Marl, lilizusha malumbano ya santuri nyingi, naye akajulikana kwa jina la Roxanne Shanté.

Filamu ya maisha yake, iliyoandikwa na kuongozwa na Michael Larnell, ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2017. Chanté Adams, aliyemwigiza Shanté, alipata tuzo maalumu ya waamuzi. Netflix iliitoa filamu hiyo mwaka 2018.

Wahakiki wengi walimsifu Adams. Lakini baadhi yao walilaumu kwamba filamu yakaa mno katika mateso ya binti huyu mikononi mwa mwanamume, na muziki wapewa nafasi ndogo.

Lawama hiyo yafaa kupimwa. Hapana shaka, kuyaficha mateso ni kuidanganya historia: aliyewashinda wanaume kwa maneno alipigwa nyumbani mwake. Walakini wasifu wa malenga wataka pia kuonyesha jinsi maneno yalivyotungwa. Ukikosa hayo, msomaji au mtazamaji humhurumia mtu, asimjue mtunzi. Hapo ndipo wahakiki wale walipokuwa na haki.