Uchujaji wa mahali katika mkondo wa Twitter

Uchujaji wa mahali katika mkondo wa Twitter ulikuwa njia ya kupokea, papo kwa papo, twiti zinazohusiana na eneo fulani la dunia. Ulipatikana kupitia API ya mkondo ya Twitter, mtandao wa kijamii ambao tangu mwaka 2023 unaitwa X. API ni kiolesura kinachowezesha programu moja kuomba data kutoka kwa programu nyingine. Ombi la kawaida hujibiwa mara moja na kufungwa, lakini mkondo hubaki wazi na seva huendelea kutuma twiti kadiri zinavyoandikwa.

Watafiti na wanahabari waliutumia kufuatilia matukio kama mafuriko, matetemeko ya ardhi na uchaguzi. Kasoro zake nyingi hazikuleta ujumbe wowote wa kosa: programu iliendelea kupokea data, ila si ile iliyokusudiwa.

== Namna ulivyofanya kazi ==

Eneo lilitajwa kama mstatili wenye namba nne: longitudo na latitudo ya pembe ya kusini-magharibi, kisha longitudo na latitudo ya pembe ya kaskazini-mashariki. Kwa mfano, mstatili unaozunguka jiji la Dar es Salaam unaweza kuandikwa 39.1,-7.0,39.5,-6.6. Alama ya kutoa huonyesha kusini mwa ikweta au magharibi mwa Greenwich. Mtumiaji wa kawaida aliruhusiwa mistatili 25.

Seva ilikagua kila twiti kwa utaratibu huu:

* Ikiwa twiti ina majiranukta kamili, ilipita kama nukta hiyo imo ndani ya mstatili.
* Ikiwa haina majiranukta lakini imetajiwa mahali, kama mtaa, mji au nchi, ilipita kama eneo la mahali hapo linagusana na mstatili.
* Ikiwa haina chochote kati ya hivyo, haikupita.

Mji ambao mtu ameuandika kwenye wasifu wa akaunti yake haukuhesabiwa.

== Kasoro za kawaida ==

'''Kugeuza mpangilio wa namba.''' Shuleni na kwenye ramani nyingi latitudo hutajwa kwanza, lakini hapa longitudo ndiyo ilitangulia. Mtu aliyeandika mstatili wa Dar es Salaam kama -7.0,39.1,-6.6,39.5 aliomba twiti za magharibi mwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Kwa kuwa mstatili huo ni halali, seva iliukubali bila lalamiko. Nairobi ikigeuzwa hivyo huangukia ndani ya Bahari ya Mediteranea, na programu hukaa kimya.

'''Kusahau alama ya kutoa.''' Mstatili 39.1,-7.0,39.5,6.6 si jiji tena, bali ni ukanda mwembamba unaoanzia Dar es Salaam, kupita Kenya, hadi kusini mwa Ethiopia. Alama zote mbili zikiondolewa, pembe ya kaskazini huwa chini ya ile ya kusini. Mstatili batili namna hiyo ulikataliwa kwa kosa namba 406.

'''Kudhani kwamba vichujio hujumlishwa.''' Aliyeomba neno "mafuriko" pamoja na mstatili wa Dar es Salaam alipata twiti zote zenye neno hilo kutoka popote duniani, na pia twiti zote za Dar es Salaam kuhusu jambo lolote. Vichujio viliunganishwa kwa "au", si kwa "na".

'''Mahali palipo pakubwa kuliko mstatili.''' Mtu wa Mwanza aliyetaja mahali pake kuwa Tanzania aliweza kuingia katika data ya Dar es Salaam, kwa sababu eneo la nchi nzima linagusana na mstatili wa jiji.

== Hatua za kutafuta kasoro ==

# Omba dunia nzima kwa mstatili -180,-90,180,90. Twiti zikija, muunganisho ni mzima na tatizo limo katika mstatili wa awali.
# Tofautisha ukimya na kukatika. Mkondo mzima ulituma mstari mtupu kila baada ya sekunde 30 hivi, hata kama hakuna twiti.
# Chora mstatili kwenye ramani kabla ya kuutumia.
# Chuja tena twiti zilizopokelewa, kwa majiranukta na kwa neno linalotafutwa.

== Mipaka ya data ==

Ni takriban asilimia 1 hadi 2 tu ya twiti zilizokuwa na taarifa ya mahali. Mwaka 2019 Twitter ilitangaza kuondoa uwezo wa kuambatisha majiranukta kamili kwenye twiti za kawaida, hivyo sehemu kubwa ya taarifa iliyobaki ni majina ya maeneo mapana. Kwa sababu hiyo kutoonekana kwa twiti si ushahidi kwamba hakuna tukio. Kijiji kilichofurika ambacho watu wake hawataji mahali kwenye simu zao huonekana kwenye ramani ya mtafiti kama kijiji salama.

== Mabadiliko ya baadaye ==

Toleo la pili la API lilileta kanuni zinazoweza kuunganisha neno na mahali kwa "na", pamoja na kuchuja kwa duara lenye kitovu na nusu kipenyo. Longitudo iliendelea kutangulia. Mwaka 2023 kampuni ilianza kutoza ada kwa matumizi mengi ya API yaliyokuwa bure, na njia ya zamani ilifungwa. Hata hivyo kosa la kugeuza namba bado hutokea kwingineko, kwa kuwa muundo wa data wa GeoJSON nao huweka longitudo kwanza, wakati huduma nyingi za ramani huanza na latitudo.