Faili iliyogoma Bungoma

Nimekuwa kimya kwa sababu ya mdogo wangu. Anasomea uchoraji wa majengo Kitale, na majuzi alikuja huku Bungoma kwa mafunzo ya kazini. Mradi wake, zahanati ya vyumba kumi na viwili, aliubeba kwenye flashi. Kuuweka kwenye kompyuta ya ofisi, faili ikakataa katakata. Akanipigia: "Kaka, kazi yangu imepotea, na msimamizi anakuja Ijumaa."

Haikupotea. Alichora kwa toleo jipya la Revit, ofisi ina la zamani. Jipya husoma faili za zamani. La zamani halisomi za jipya, wala huwezi kuhifadhi kwa toleo la nyuma.

Turudi nyuma kidogo. AutoCAD ilitoka 1982. Humo ukuta ni mistari miwili tu. Kompyuta haijui kama ni ukuta au reli. Lakini tangu 1975 Charles Eastman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alikuwa ameeleza mfumo wa kuhifadhi jengo lenyewe kwenye hifadhidata: badilisha dirisha mara moja, michoro yote ifuate. Wahungari wa Graphisoft, Budapest, wakatoa ArchiCAD kwenye Macintosh 1987. Revit ni ya Leonid Raiz na Irwin Jungreis, waliotoka kwenye programu za kubuni mashine. Walianzisha kampuni 1997, wakaitoa 2000, na 2002 Autodesk ikainunua kwa dola milioni 133.

Hapo ndipo penye utamu, na penye balaa pia. Faili haibebi picha, inabeba uhusiano: mlango unashikwa na ukuta, ukuta na sakafu, paa na kuta. Toleo jipya likibadilisha kanuni za uhusiano huo, la zamani haliwezi kuzibuni. Kama mwandika programu naelewa. Ila sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni biashara tu.

Dawa ipo, jamani, inaitwa IFC. Ni muundo wa wazi ulioanza na kundi la kampuni ambalo Autodesk yenyewe ililiita 1994, ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 16739, mwaka 2013. Mdogo wangu akapanda matatu kurudi Kitale kupitia Webuye, akaifungua faili chuoni, akaitoa kwa IFC, akarudi usiku.

Ikafunguka! Kuta zilikuja, milango ikaja. Paa lilikuja kama jiwe: unaliona, hulihariri. Ngazi vilevile. Jedwali la madirisha halikuja kabisa. Tulikesha siku mbili, yeye akichora paa upya, mimi nikihesabu madirisha na kupika chai.

Ijumaa msimamizi alipofika, upande mmoja wa paa ulikuwa bado wazi. Alitazama faili zote mbili, akauliza maswali mengi, akamwongezea wiki moja.