Wimbo wa Ushindi na Wenyewe Waliosahauliwa

Jumamosi moja usiku wa manane simu yangu ililia. Alikuwa mpwa wangu anayesoma katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, huko Marekani. "Shikamoo mjomba, hebu sikiliza," akasema, kisha akainua simu juu. Nikasikia matarumbeta, ngoma na maelfu ya watu wakiimba kwa pamoja. Alikuwa uwanjani, kwenye mechi ya ule mpira wao unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu. "Huo ndio wimbo wetu!" akaniambia kwa majivuno.

Kazi ya redio imenikalisha na santuri na kanda kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikio langu lilikataa. Wimbo ule niliwahi kuusikia, tena ukiwa wa chuo kingine.

Wimbo wa Oklahoma unaitwa "Boomer Sooner". Maneno yake yaliandikwa mwaka 1905 na mwanafunzi Arthur Alden. Muziki aliuchukua kwenye "Boola Boola", wimbo wa Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka uliofuata kikaongezwa kipande kutoka wimbo wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Hilo halifichwi. Na "sooner", kwa taarifa yenu, ni jina walilopewa watu walioingia kwa siri kujitwalia viwanja kabla ya saa iliyopangwa, Serikali ilipofungua ardhi ya Oklahoma kwa walowezi tarehe 22 Aprili 1889. Ardhi yenyewe ilikuwa imetoka mikononi mwa wenyeji wa asili. Basi sikushangaa sana.

Mzozo uko Yale kwenyewe. Wimbo ule ulitokea mwaka 1900, na msimu huo Yale wakawafunga mahasimu wao Harvard 28 kwa 0. Mwaka 1901 ulichapishwa kwa jina la mwanafunzi Allan Hirsh, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetajwa kuwa mtunzi. Lakini "boola" ni nini? Wapo waliosema ni neno la Kihawaii. Haiwezekani, kwa sababu Kihawaii hakina sauti ya "b". Hirsh mwenyewe baadaye alikiri kwamba hawakujua maana yake. Lilipendeza tu masikioni mwao.

Neno hilo halikuanguka kutoka mawinguni. Mwaka 1898, miaka miwili kabla ya Yale kuimba, Wamarekani weusi wawili, Bob Cole na Billy Johnson, walikuwa na wimbo wao uitwao "La Hoola Boola". Huo ndio uliogeuzwa mwendo ukawa wa Yale.

Hapa ndipo ninapoomba tutulie kidogo. Mwaka uleule wa 1898 Cole na Johnson walileta New York mchezo wa nyimbo na vichekesho ulioandikwa, ukaongozwa na kuchezwa na watu weusi wenyewe, jambo ambalo jiji lile lilikuwa halijaliona. Kabla ya hapo Cole alikuwa katika kundi lililomilikiwa na Wazungu. Walipogombana kuhusu malipo, akaondoka na karatasi za muziki alioutunga mwenyewe. Matajiri wake wakamshtaki, akakamatwa. Yaani mtu huyu alitiwa mbaroni kwa kubeba nyimbo alizozitunga, na muda si mrefu wimbo wake mwingine ukabebwa na wanafunzi wa chuo kikubwa, ukawa fahari yao.

Watetezi wa Hirsh husema zama zile kila mtu aliazima kwa mwenzake. Ni kweli. Hata Cole, katika "Under the Bamboo Tree" ya mwaka 1902, alifinyanga upya sauti za wimbo wa zamani wa kanisani wa watu weusi. Simwiti Hirsh mwizi. Alikuwa kijana akifurahia mpira. Ninachohoji ni ile karatasi iliyochapwa. Nafasi ya kuandika majina matatu ilikuwepo, likaandikwa moja.

Cole alifariki mwaka 1911. Uwanja wa Oklahoma leo unachukua zaidi ya watu 80,000, na kila timu yao inapofunga, muziki ule hupigwa.

Nilipomsimulia mpwa wangu alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo mjomba, tusiuimbe?" Nikamwambia aimbe mpaka sauti imkauke, ila mtu akimwuliza wimbo ni wa nani, asianzie mwaka 1905, aanze na Cole na Johnson. Akacheka. Akasema pale anapokaa, kwa kelele zile, hata akitaja hakuna atakayemsikia.